Judo ya Goti Bovu

Jigoro Kano alikuwa mdogo wa umbo, na wenzake shuleni walimwonea. Hilo ndilo lililomfanya azunguke Tokyo akitafuta walimu wa jujutsu, sanaa ya wapiganaji wa zamani ambayo katika miaka ya 1870 ilikuwa imepoteza heshima, baadhi ya mafundi wake wakiishi kwa kazi ya kuunga mifupa. Mwaka 1877 alimpata Hachinosuke Fukuda. Katika shule ile kulikuwa na mwanafunzi mmoja mkubwa, mzito, ambaye Kano hakuweza kumwangusha kwa lolote alilofundishwa. Akaingia kwenye vitabu, vikiwemo vya mieleka ya Kizungu, akakuta namna ya kuinama chini ya mtu, kumbeba mabegani na kummwaga upande wa pili. Akaifanyia mazoezi, akaenda kuijaribu, na yule mzito akaenda chini. Mwereka ule unafundishwa hadi leo. Unaitwa kata-guruma.

Kano alifungua shule yake mwenyewe, Kodokan, mwaka 1882, katika chumba cha mikeka kumi na miwili ya tatami kwenye hekalu la Eishoji. Tangu hapo safu ya mafundi wakubwa wa judo, sanaa aliyoianzisha humo, imejaa watu wembamba. Kyuzo Mifune, aliyefikia dani ya kumi na ambaye wengi humhesabu kuwa fundi kuliko wote, hakufika kilo 60. Hélio Gracie wa Brazil, ambaye familia yake iliichukua judo ya zamani na kuigeuza jujitsu ya Kibrazili, hakuwa na mwili wa kutisha. Keiko Fukuda, mjukuu wa yule mwalimu wa kwanza wa Kano, hakufika hata futi tano, naye alifundisha San Francisco mpaka karibu na kifo chake mwaka 2013, akiwa na miaka 99.

Nayataja haya kwa sababu mwili wenye nguvu unaweza kupita katikati ya ufundi huu miaka kumi na usiuone. Mwenye nguvu akikosea mbinu, mikono yake humalizia kilichokosekana, mwenzake anaanguka, na wote wawili wanaondoka wakidhani mbinu imefanya kazi. Nilianza judo nina miaka ishirini na kitu, nina mabega, nina pumzi, na mambo mengi yaliniendea vizuri bila kujua kwa nini. Goti lilipokatika, nikiwa nimevuka arobaini, msaada ule ukaondoka. Niliporudi nikajikuta nimesimama pale pale aliposimama Kano mbele ya mwenzake mzito, isipokuwa kwamba majibu yalikuwa yameshatafutwa na watu wengine kwa zaidi ya miaka mia moja, na kazi yangu ilikuwa kuyaangalia vizuri.

Goti lenyewe liliharibika kwa njia inayofahamika katika kila ukumbi wa judo. Mwenzangu alitaka kuniangusha kwa nyuma, mwereka unaoitwa tani-otoshi, ambapo unatelezesha mguu nyuma ya miguu yote miwili ya mwenzako kisha unakaa chini nyuma yake, naye anakwenda na wewe. Mguu ukichelewa, au anayeangushwa akigeuka, uzito wote hutua ubavuni mwa goti wakati unyayo umekita chini. Nikasikia mlio mkavu. Basi.

Goti la binadamu limefungwa kwa ligamenti nne kubwa, mbili pembeni na mbili zinazopishana ndani. Ile ya pembeni upande wa ndani ikichanika mara nyingi huunga yenyewe. Ile ya katikati ya mbele, ambayo wachezaji wa mpira wanaijua kwa machozi, haina bahati hiyo: ikikatika ncha zake hubaki ndani ya majimaji ya goti na kwa kawaida hazirudi kushikana. Daktari huchukua kipande cha mshipa mgumu kutoka nyuma ya paja au chini ya kilegesambwa, akakipitisha katika matundu aliyotoboa kwenye mifupa, akakikaza. Kinachofuata sikukijua, na kimebadilisha jinsi ninavyoitazama subira. Kipande kile kipya hufa kwanza. Mwili hukijaza upya polepole kwa seli na mishipa ya damu, na katika miezi ya mwanzo ya kazi hiyo kinakuwa dhaifu kuliko siku kilipofungwa. Yaani kuna kipindi ambapo goti halivimbi, haliumi, mtu anapanda ngazi anapiga mluzi, na ndani yake kamba iko katika hali yake mbaya kabisa. Ndiyo maana wataalamu wengi hawamruhusu mtu kurudi kwenye michezo ya kugeukageuka kabla ya miezi tisa, na wengi husema mwaka.

Mtaalamu wa fiziotherapia aliyenishughulikia alikuwa binti mpole asiye na huruma hata kidogo. Paja la kushoto lilikuwa limenyauka hadi suruali ilionekana ya kuazima. Alinisimamisha mguu mmoja, macho nimefumba, akaniacha hapo. Zoezi hilo ni la kuliambia goti liko wapi, kwa kuwa ligamenti hufanya kazi mbili: inafunga mifupa, na inapeleka habari kwenye ubongo kuhusu pembe na uzito. Kamba mpya inafunga, lakini habari zake ni chache. Lazima misuli na unyayo vifundishwe kusikiliza kwa niaba yake.

Hapo nilianza kumwelewa Moshé Feldenkrais. Alikuwa mwanafizikia, na mwaka 1933 alikutana na Kano mjini Paris. Akawa miongoni mwa waanzilishi wa judo nchini Ufaransa na akaandika vitabu juu yake. Goti lake lilikuwa limeharibika tangu ujanani kwenye mpira, likamsumbua tena wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Hakukubali upasuaji. Alilala chini na kuutazama mwendo wake mwenyewe, kidogo kidogo, akisogeza mguu kwa kadiri ndogo sana ili aone uzito unahama vipi kutoka nyongani hadi kisiginoni, na kutokana na uchunguzi huo akajenga njia ya kufundisha mwendo ambayo leo inaitwa kwa jina lake. Watu wengi wanaoifuata hawajawahi kuvaa nguo ya judo. Lakini mtu wa judo akiisoma anaitambua harufu yake: usishindane na uzito, uulize unakokwenda.

Niliporudi ukumbini nilianza na kuanguka. Ni somo la siku ya kwanza kwa kila mwanafunzi, na kwa mtu wa makamo ndilo somo lenye faida ya wazi kuliko yote. Kidevu kinaingia kifuani ili kisogo kisiguse chini. Mgongo unaviringika. Mkono unapiga tatami kwa kiganja na sehemu yote ya ndani hadi kwenye kiwiko, mbali kidogo na ubavu, sio juu usawa wa bega ambapo bega litang'oka. Pumzi inatoka. Mpigo wa mkono unatua pamoja na mwili, sio baada yake. Hesabu yake ni rahisi: nguvu ile ile ya kuanguka ikisambazwa kwenye eneo kubwa na katika muda mrefu kidogo, hakuna mfupa mmoja unaobeba yote. Ila kuijua hesabu hakusaidii kitu, kwa sababu mwili unaoanguka hautafuti ushauri. Hunyoosha mkono kujikinga, na mkono ulionyooshwa huvunjika kwenye kifundo. Kuanguka vizuri ni kuiondoa hofu hiyo ya kuzaliwa nayo na kuweka tabia nyingine mahali pake, na hilo halifanyiki ila kwa kurudia mpaka linachosha. Huko Ulaya vyama vya judo vinaendesha madarasa ya kuanguka kwa wazee ambao hawatashindana hata siku moja. Sishangai. Wazee wetu wengi wanaovunjika nyonga bafuni hawakuwahi kufundishwa kuanguka na mtu yeyote.

Nililazimika kujifunza kuanguka upya kwa upande wa kushoto, na nilikuwa na wakati wa kutosha wa kuwatazama wengine. Nikagundua kwamba fundi hutambulika kwa namna anavyoanguka kabla hujamwona akiangusha. Mtu anayejua kuanguka hashikamani, haogopi kusogea, kwa hiyo judo yake ni nyepesi. Anayeogopa kuanguka anasimama ameinama, mikono imekakamaa kama mafahali wawili wanaosukumana, na mchezo unakufa.

Huku kwetu kuna adabu zinazopishana kwa namna ninayoipenda. Kijana anakuja mbele yangu, ananiamkia shikamoo, namjibu marahaba mwanangu, tunainamiana kwa Kijapani, halafu ananikaba kabali. Hakuna anayeona ajabu. Judo ilitufikia kwa mikono ya watu waliokuja kuishi nasi: wajitoleaji wa Kijapani waliopita katika nchi zetu, na kwa Unguja Tsuyoshi Shimaoka, Mjapani aliyefanya makazi huko na kuwafundisha vijana kwa miaka mingi. Ilikuta watoto ambao tayari walikuwa wanaangushana mwereka ufukweni na kupigana mtama njiani kutoka shule, kwa hiyo haikuwa ngeni kama ilivyodhaniwa.

Mwalimu wetu amenizidi umri. Ni mtu wa maneno machache, na ilipofika zamu yangu ya kurudi kwenye mapambano ya mazoezi alininyoshea kidole chini: miezi ya mwanzo hakuna kusimama, ni ardhini tu. Nilichukia. Ardhini nilikuwa napaona kama mahali pa kumalizia kazi iliyoanzwa juu. Sasa ndipo ninapopapenda zaidi, na kama msomaji ataniruhusu nitakaa hapo kidogo.

Chukua kesa-gatame, kumlalia mtu kwa mshazari kifuani. Ndiyo mshiko wa kwanza ambao mtoto hufundishwa. Mwenzako amelala chali. Unakaa ubavuni mwake, mkono wako mmoja unazunguka shingo yake, mwingine umeuvuta mkono wake na kuufungia chini ya kwapa lako. Miguu yako imeachana, mmoja mbele, mmoja nyuma. Katika mashindano ukimshikilia hivyo kwa sekunde 20 umeshinda. Mtoto hukielewa kitu hiki kwa dakika tano na hukifanya kwa kubana shingo kwa nguvu zake zote, kisha mikono inachoka, aliye chini anajikunja daraja, na wote wanageuka.

Nilimlalia mwalimu hivyo hivyo. Akaniacha nibane, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Unanibana. Hunilemei."

Tofauti hiyo ilinichukua muda mrefu kuipata, na sidhani nimeimaliza. Ukikaa kitako, sehemu kubwa ya uzito wako inabebwa na tatami, na kilo iliyobebwa na tatami haimsumbui mtu. Inabidi uinue nyonga kidogo sana, kiasi ambacho mtazamaji hawezi kukiona, ili uzito uhamie kwenye mbavu zake. Kichwa chako kinashuka. Mkono wake unavutwa juu, si kwa kuukaza bali kwa kuuondolea nafasi, hadi bega lake linanyanyuka na hawezi kujigeuza upande wako. Halafu unasubiri pumzi. Akitoa pumzi kifua chake kinashuka, na wewe unashuka nacho. Akitaka kuvuta pumzi nyingine lazima akuinue. Hujafanya kitu, na yeye anafanya kazi ya kubeba gunia kila anapopumua. Akijikunja daraja humpingi. Nyayo zako zinatembea kuzunguka, pembe kati yenu inabaki ile ile, na akimaliza kuzunguka anajikuta yuko alipoanza, amechoka zaidi.

Mwalimu akiwa juu yangu, mtu wa kilo sabini na kidogo, nilihisi nimefunikwa na ukuta. Vijana wenye kilo tisini hawanilemei hivyo. Sijachoka kulistaajabia jambo hili. Hakuna siri ndani yake, kila kipande kinaelezeka, mtu anaweza kukuandikia kwenye karatasi, na bado hakuna njia ya mkato ya kukifikisha mwilini.

Mwaka 1964, judo ilipoingia kwenye Olimpiki kwa mara ya kwanza, fainali ya uzito huria ilipigwa kwenye ukumbi wa Budokan, Tokyo, mbele ya Wajapani waliokuja kuona heshima yao ikilindwa na Akio Kaminaga. Anton Geesink, Mholanzi mkubwa wa mwili, alimshinda kwa kesa-gatame. Watu humkumbuka kwa ukubwa wake, na wengi walihitimisha kwamba nguvu imeishinda mbinu. Mimi nikiitazama picha ya mkandamizo ule naona mtu aliyewekwa mahali pake barabara, kila kilo kifuani. Na alipotangazwa mshindi, mashabiki wake walitaka kukimbilia ulingoni kwa furaha. Akainua mkono kuwazuia. Mtu aliyejifunza ufundi peke yake, bila adabu zake, asingeukumbuka mkono huo.

Mtu wa makamo anawezaje kukabana na kijana wa miaka ishirini bila kuvunjwa? Jibu liko kwenye kitu kidogo ambacho ninakihesabu kuwa uvumbuzi mkubwa kuliko mwereka wowote: kupiga mkono. Ukizidiwa, unampiga mwenzako kofi nyepesi mara mbili, au unapiga tatami, au kama mikono imefungwa unapiga kwa mguu, na yeye anaachia papo hapo. Kwa sababu ya makubaliano hayo mnaweza kufanya kabali ya kweli na kuunyonga mkono kweli kweli, kila jioni, na kesho yake mkaenda kazini. Judo ya Kano ilizidi kupunguza hatari kwa kukataza mishiko ya viungo vingine na kubakiza kiwiko peke yake, ambacho hutoa onyo kabla ya kukatika. Goti halionyi.

Mwaka 1951 Masahiko Kimura, bingwa wa Japani, alipigana na Hélio Gracie katika uwanja wa Maracanã, Rio de Janeiro. Kimura alimkamata mkono na kuupindisha nyuma ya bega. Gracie hakupiga mkono. Mkono ukavunjika, na watu wake ndio waliorusha taulo. Wabrazili kwa heshima wakauita mshiko ule Kimura, na kisa hicho kinasimuliwa kama kisa cha ushujaa. Labda ni ushujaa. Ila mimi nimeshapita umri wa kuvutiwa nacho, na naona kuna ufundi zaidi kwa mtu anayepiga mkono kwa wakati. Kijana husubiri maumivu. Aliyewahi kuumia huangalia mahali: kiwiko cha mwenzake kimeshapita mstari wa kifua changu, nyonga yake imeshafunga, hakuna njia ya kurudi, basi piga mkono, nyanyuka, anza tena. Kwa muda ambao kijana anautumia kuugulia bega, mimi nimeshaanza tena mara kadhaa, na kila kuanza ni darasa.

Upande wa mwenzako nao una ufundi wake. Katika fainali ya uzito huria ya Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984, Yasuhiro Yamashita alipanda akiwa amechanika msuli wa shavu la mguu wa kulia. Kila mtu ukumbini alimwona akichechemea. Mpinzani wake alikuwa Mohamed Ali Rashwan wa Misri. Wajuzi bado wanabishana kama Rashwan aliukwepa kabisa mguu ule, lakini alisifiwa duniani kote na kupewa tuzo ya uungwana, na Yamashita alishinda ardhini, kwa kumlalia. Sitaki kuingia katika ubishi. Ninachojua ni kwamba katika ukumbi wowote kuna vijana ambao, ukiwaambia goti la kushoto ni bovu, wanabadilisha mchezo wao wote bila kukuonyesha kwamba wameubadilisha. Wanakukabili kwa bidii ile ile, wanakuangusha bila haya, lakini hakuna kitu kinachotokea upande ule. Kufanya hivyo katika kasi ya pambano ni kazi ngumu kuliko kuangusha. Hao ndio ninaowatafuta mazoezi yakianza, na ninawaona wakubwa wengine nao wanawatafuta hao hao.

Baadaye niliruhusiwa kusimama, na hapo ikabidi nipange upya ghala langu. Seoi-nage ya kupiga magoti chini, imekwenda. Uchi-mata, ambapo mwili wote unasimama juu ya mguu mmoja na kuzunguka, kwangu mguu wa kuegemea ni ule ule mbovu. Imekwenda pia. Kilichobaki mkononi kilikuwa kile ambacho nikiwa kijana nilikichukulia mchezo wa watoto: mtama. Wajapani wanao wa aina nyingi, na wa msingi ni de-ashi-barai, kufagia mguu unaokuja.

Mifune alikuwa bwana wa mambo haya. Mwaka 1955, akiwa amevuka miaka 70, walimpiga filamu akipambana na vijana, na filamu ile bado ipo. Anatembea nao. Ukitazama haraka utadhani hafanyi kitu: wanasukuma, anakwenda; wanavuta, anakuja; kisha mtu mara mbili yake yuko hewani. Nimeitazama kwa mwendo wa taratibu kuliko kitu chochote kingine maishani, na kwa mwendo wa taratibu ndipo inapoanza kueleweka kwa nini haieleweki.

Mtu anapotembea, kuna muda mfupi ambapo mguu umeshagusa chini lakini uzito haujaufikia. Ukiupiga kabla ya hapo, mguu uko hewani na yeye bado amesimama imara juu ya ule mwingine. Ameruka kidogo tu. Ukiupiga baada ya hapo, umepiga nguzo, na kesho yake una muundi wenye rangi ya zambarau. Katikati ya hizo mbili upo mwanya. Ndani ya mwanya huo mguu hauna mwenyewe. Unaufuata kule kule unakokwenda, unausindikiza mbele kidogo kuliko alivyokusudia, kwa unyayo uliogeuzwa, ukingo wa kidole kidogo ukipita karibu kabisa na tatami, na mikono yako inazunguka kama usukani wa gari: mmoja chini, mmoja juu. Kufagia huku hakuna teke ndani yake. Ukiona kunatumia nguvu, umechelewa.

Na mwanya hauonekani kwa macho. Macho yakiuona umeshapita. Unasikika kupitia nguo. Hapa ndipo mshiko wenyewe unapokuwa elimu: mafundi hushika ukosi na mkono wa nguo kwa kidole cha mwisho na cha pete, vile vingine vimelegea, kidole gumba kimetulia tu. Ukishika kwa ngumi nzima, mkono wako umejaa kelele zako mwenyewe. Ukishika kwa vile viwili, nguo ile nzito iliyofumwa kama punje za mchele inakuletea habari: bega lake limepanda, basi uzito umehamia ng'ambo, ukosi umelegea, basi anataka kuingia. Nakumbuka yule binti wa fiziotherapia na macho niliyofumba. Kumbe zoezi lilikuwa lile lile. Goti limepoteza sehemu ya usikivu wake, na mikono imelazimika kuokota.

Siupati mtama kila siku. Kuna majuma yanapita siupati kabisa, napiga miundi ya watu na kuomba radhi. Lakini ukitokea, mwenzangu haanguki kwa kuumia wala kwa kusukumwa. Anaanguka akiwa ameshangaa, na mara nyingi anacheka akiwa bado hewani, na mimi nimesimama na goti langu halijui hata kama kuna kitu kimefanyika. Judo ya mashindano humwita mtu mkongwe kuanzia miaka 30, jambo ambalo zamani liliniudhi. Sasa naona walikuwa na haraka tu.

Mwaka huu mwalimu amenihamishia kushoto. Hoja yake ni ya kawaida: kama mguu wa kuegemea ndio mbovu, geuza kila kitu, uegemee ule mzima. Kwa hiyo nimekuwa mwanafunzi wa mkanda mweupe tena, mkono wa kushoto kwenye ukosi, wa kulia kwenye mkono wa nguo, hatua zote kinyume, na mwili unagoma kama mtoto aliyelazimishwa kuandika kwa mkono asiouzoea. Faida moja ilikuja mapema. Wengi wa vijana wetu ni wa kulia, na mtu wa kushoto huwavurugia umbali. Mikono inagongana kabla hawajaanza. Kwa muda nilifaidi. Halafu binti mmoja wa mkanda wa kahawia, mwembamba, mwanafunzi wa chuo, akaacha kuugombania mkono wangu. Akaanza kuupitia kwa nje, akilaza kiganja chake juu ya kiwiko changu na kukishusha taratibu huku anapiga hatua ya pembeni, na kila anapofanya hivyo mguu wangu wa kushoto unalazimika kuja mbele, mtupu kabisa, mbele ya unyayo wake. Anajua ni mguu gani, kwa hiyo haufagii. Anaugusa tu, mara moja, ili nijue kwamba angeweza. Sijapata jibu la kiwiko kile bado.